Visu vya Kinyozi

Maisha yangu yote nimetengeneza meno ya bandia, kwa hiyo mtu asinifundishe kung'arisha kitu. Ndivyo nilivyomwambia Kinyozi siku ya kwanza alipokaa sebuleni kwangu na kunieleza, kwa upole kama anamnyoa mtoto, kwamba kijiko cha fedha husuguliwa kwa kufuata urefu wa mpini, hakizungushiwi kitambaa. Hakukasirika. Tangu siku hiyo akaniita Mama Meno, na mimi nikamwita Kinyozi kwa sababu ndiyo kazi aliyoistaafu. Majina yetu kamili tuliwaachia watu wa benki.

Tulikutana mnadani. Vitu vya marehemu mmoja mwenye nazo vilikuwa vinauzwa, na dalali, mtu asiyejua alichoshika, aliigawa seti moja ya zamani ya fedha halisi kuwa mafungu mawili: uma na vijiko meza hii, visu meza ile. Nilinunua uma na vijiko huku moyo unanienda mbio. Nilipogeuka kutafuta visu, vilikuwa mikononi mwa mzee mwenye kofia, anavipima makali kwa kidole gumba. Vyote vilikuwa na ganda dogo la kombe lililochongwa mwishoni mwa mpini, na mihuri ya sonara mmoja. Nilimfuata mpaka mlangoni nikamwambia visu bila uma ni kichekesho. Akanijibu kwamba na uma bila visu ni hivyohivyo, akaniaga.

Jumamosi iliyofuata akabisha hodi. Alikuwa ameuliza kwa dalali ninakokaa. Alikuja na kisu kimoja ndani ya kitambaa laini, akakilaza juu ya meza yangu kando ya uma, akanyamaza ili nione mwenyewe. Nikaona. Nikamwomba aniuzie. Akasema yeye ndiye aliyekuja kununua. Tukabishana mpaka chai ikapoa, nikapasha nyingine.

Ikawa hivyo kwa miaka. Kila Jumamosi alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, anahema, anasema nimehamia mbinguni kabla ya wakati, anatia sukari kwenye chai mpaka kijiko kinakaribia kusimama, halafu ugomvi unaanza. Kwa sisi wakusanyaji, anayetoa fungu lake ameshindwa, na hakuna aliyekuwa tayari kushindwa. Aliniambia uma zangu zinalia usiku. Nikamwambia aliye na masikio ya namna hiyo akamwone daktari. Mara nyingine alinitajia seti nyingine nzuri zaidi ya kubadilishana, nami nikakataa kabla hajamaliza sentensi, na nilimwona anafurahi. Mimi pia nilifurahi. Sikujiuliza kwa nini.

Mwanangu hakuelewa kabisa mambo haya. Yuko mbali, hupiga simu Jumapili, huniuliza presha, magoti na dawa, kwa mpangilio huohuo, kisha anasema ana kikao. Siku moja aliniuliza nina faida gani na vijiko nisivyolia chakula. Nilimwambia vijiko hivyo vimelika ncha upande wa kushoto, maana wenyewe walikuwa wakikwangua sahani kwa mkono wa kulia, mlo baada ya mlo, mpaka fedha ikapungua. Napenda kuvishika nikijua kwamba kulikuwa na meza na watu waliokaa wakala pamoja. Akasema, "Sawa mama, lakini magoti?"

Mume wangu alifariki zamani. Nakula kwa kijiko cha chuma cha dukani, nimesimama jikoni mara nyingi, kwa sababu kutandika meza kwa ajili ya mtu mmoja kunanitia uchungu. Nasema ukweli ulivyo.

Halafu Jumamosi moja Kinyozi hakuja. Nilikaa na birika mpaka maji yakapoa. Nilikuwa na namba yake, lakini nikajiambia huo ni mtego wake, anataka nimpigie ili nionekane ndiye mwenye shida. Jumamosi ya pili nayo ikapita. Nikamtukana kimoyomoyo, nikang'arisha uma zote ingawa hazikuwa na weusi.

Aliyekuja hatimaye ni binti yake. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini alikuwa na paji la uso la baba yake. Aliniamkia, akaweka juu ya meza sanduku la mbao lenye mahameli ndani. Akanieleza kwamba baba alianguka bafuni, hakuvunjika kitu, ila hawezi tena kukaa peke yake. Sasa anaishi kwake yeye binti, upande mwingine kabisa wa mji, chumba kimoja na wajukuu.

"Amesema nikuletee visu vyako," alisema. "Hataki chochote. Amesema nikwambie umeshinda."

Nikamuuliza kama hakuna neno jingine. Akafikiri, akasema lilikuwepo: nisije nikaviweka kwenye maji ya moto, kwa sababu ndani ya mpini wa fedha mna lami inayoshika kisu, na lami ikipata joto inaachia. Nilikereka. Nilikuwa nayajua hayo Kinyozi akiwa bado ananyoa vipara. Lakini binti hakuwa na kosa, nikamshukuru, nikamsindikiza mpaka kwenye ngazi.

Nilitandika kitambaa cheupe, nikapanga seti nzima: uma kushoto, visu kulia, vijiko juu yake, nafasi za watu kumi na wawili. Ilikuwa nzuri kupita nilivyowahi kuiwaza. Nilizunguka meza mara kadhaa huku natabasamu peke yangu kama mwehu. Kisha nikatafuta mtu wa kumwonyesha, na mtu pekee duniani ambaye angejua anachokitazama alikuwa ndiye aliyenipa.

Nikampigia simu. Nilitegemea anitanie, aniambie nimempokonya mzee mgonjwa. Badala yake akaniuliza hali, nikasema nzuri. Nikamuuliza hali, akasema anamshukuru Mungu.

"Vimefika salama?" akauliza.

"Vimefika. Ahsante sana."

"Haya mama. Ubarikiwe."

Aliniita mama, kama anavyomwita mama yeyote wa watu barabarani. Tukaagana kwa heshima zote. Nilikaa na simu mapajani. Hatukuwa na cha kuongea. Miaka yote ile tulikuwa tunagombana, na ugomvi wenyewe nilikuwa nimeushinda. Nililia, tena kwa sauti, bila kujali majirani.

Wiki ile niliiacha meza vilevile. Nilipita kando yake kwenda jikoni na kurudi, na kila nilipopita niliiona nafasi moja moja, sahani hakuna, mtu hakuna. Mwanangu alipopiga nilimwambia seti imekamilika. Akanipongeza, akauliza presha.

Alhamisi asubuhi nilichemsha maji. Sikuwa nataka chai. Nilichukua kisu kimoja mezani, nikakitazama ganda lake la kombe na mihuri yake, nikakisimamisha ndani ya jagi la kioo na kukimiminia maji yanayochemka mpaka mpini ukazama. Mtu yeyote anayekusanya vitu hivi angenifungia nje ya nyumba yake. Haukupita muda mrefu harufu ya lami ikapanda, nyeusi na nzito, na nilipokishika kwa kitambaa mpini ukazunguka wenyewe, ukaachana na kisu.

Nikampigia Kinyozi kabla sijapata muda wa kuona haya.

"Kisu chako kimeachia mpini," nilisema.

"Umekifanya nini?" akauliza taratibu.

"Nimekiosha."

"Kwa maji gani?"

"Ya moto."

Hapo akalipuka. Aliniuliza kama nina akili timamu, aliniuliza kama meno niliyokuwa natengeneza yalikuwa yanakaa vinywani mwa watu au yanaanguka kwenye supu, akasema alijua tangu mwanzo kwamba mtu anayesugua kijiko kwa kuzungusha hafai kuachiwa kitu cha thamani. Nilimwacha aseme. Nilikuwa nimefumba macho, nimebana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Usikiguse," alisema mwishowe, anahema. "Usitie gundi, usitie kitu. Jumamosi namwambia binti anilete, nikitengeneze mwenyewe. Na uwe na sukari ya kutosha."

Nikamwambia kwa ukali kwamba sukari ipo, na kwamba asichelewe. Nilipokata simu nilirudi mezani, nikavikusanya visu vingine nikavifungia kabatini, vikavu. Vimebaki kumi na kimoja, na inabidi nivitumie kwa uangalifu.