Mjomba na Neno Soon

Mjomba wangu hutunga kamusi, na neno la Kiingereza haliachi mpaka amjue bibi mzaa bibi yake. Wiki ile alikwama kwenye soon. Mkewe akanituma ofisini kwa Mjomba: leo, kabla ya saa kumi, nimfikishe kwa daktari wa macho. Miadi mitatu ilikwishapita, na daktari alionya kwamba presha ya macho ikipuuzwa atapofuka.

"Nakuja sasa hivi," akasema, hata kichwa hakuinua. "Nisomee kitabu hiki kwanza. Siku hizi wanachapa herufi ndogo mno."

"Sasa hivi ipi, Mjomba? Ya leo au ile ya mwezi uliopita?"

"Soma, we mtoto!"

Nikasoma. Kiingereza cha kale kilisema sona. Ndugu zake ni son ya Kifrisia cha kale na san ya Kijerumani cha kale. Zaidi ya hapo ni lugha mama ambayo haikuandikwa, wataalamu wanaikisia tu. Maana yake ya zamani? Papo hapo.

"Papo hapo!" Mjomba akapiga meza. "Mbona leo ni baadaye kidogo?"

"Kwa sababu ya watu kama wewe. Walisema papo hapo, wakabaki wameketi. Karne nzima nzima! Neno likachoka kuwatetea."

Alicheka mpaka miwani ikamteleza. Akachukua kadi, akaandika mistari minne kwa mwandiko wake wa madaha. Kwao ofisini, kadi haiingii droo mpaka aliyeiandika amsomee mtu kwa sauti. Basi akainyanyua karibu na pua, akasoma yote, sona, son, san, bila kukwama hata mara moja. Nikampigia makofi. Akanipa niiweke.

Kadi ilikuwa nyeupe. Kalamu ilikuwa imekauka wino, imeacha mikwaruzo tu.

Utani wote ulinitoka. Nikaigeuza kadi upande wa pili, nikairudisha.

"Vipi, nimekosea herufi?" akauliza.

"Kalamu haina wino, Mjomba."

Akaipapasa kadi kwa kidole gumba, polepole, mstari kwa mstari. Uso ukamshuka.

"Na za jana?"

Nikavuta droo, nikatazama, nikaifunga. Nilimpa mkono tu, naye akaushika, tukatoka.