Idadi ya Ng'ombe wa Saitabau

Kila mwaka, kipindi cha kwanza cha somo la ulinzi wa taarifa binafsi, wanafunzi wa Mwalimu Bibiana hufungua kompyuta zao na kusubiri maana ya neno faragha. Yeye huiweka kando kwanza hiyo maana. Huwauliza nani kati yao amewahi kuitiwa simu kwa kelele sokoni, na darasa zima humkodolea macho. Watoto wa siku hizi, mtu kazaliwa kakuta simu iko kiganjani mwa mama yake, atajulia wapi! Basi Bibiana hucheka peke yake, na moyo wake ukamtoroka, ukarudi Mikumi, ukaketi kwenye benchi la kibanda cha shangazi yake Hildegarda.

Loo, kibanda kile! Kilikuwa kando ya barabara kuu ya Zambia, pale madereva wa malori walipokuwa wakishuka kunyoosha miguu baada ya kuikata mbuga. Mbele palikuwa na meza ya chai, maandazi na maziwa. Nyuma, nyuma ya pazia la kitenge, palikuwa na simu ya mezani, nyekundu, imefunikwa kitambaa cha kufuma utadhani ni ya altareni. Ilikuwa ile miaka ya soko huria, kila mwenye mlango kafungua duka, mitumba imejaa hadi njiani, na mtu wa kawaida naye akaweza kuvutiwa laini ya simu, kitu ambacho zamani walikuwa nacho paroko na meneja wa shamba la mkonge tu. Tangu siku laini ilipofika, Mikumi nzima haikuwa na mtu mzito kumshinda Hildegarda.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mtu wa mbali alipiga, akamtaja anayemtaka, akakata, kisha akapiga tena baada ya muda. Hapo katikati ndipo Hildegarda alipokula raha yake. Alitoka mlangoni, akashika kiuno, akapaza sauti ya kwaya: "Mama Abeli eee! Simu yako! Tunduma!" Mahali ilikuwa lazima apataje, kwa sababu, alisema, mtu anatakiwa ajue kama akimbie kuja kupokea au akimbie kwenda kujificha. Na nyongeza hazikukosekana. "Simoni! Kidodi wanakutafuta tena! Vipi wewe, miwa ya watu umeipeleka wapi?" Wauza vitunguu wote waligeuka kumtazama Simoni. Hildegarda hakuwa mtu mbaya, jamani, tuelewane. Alipenda watu, na kwake kumpenda mtu kulikuwa ni kuyajua mambo yake yote na kumsaidia kuyasambaza.

Bibiana alikuwa binti wa kaka yake, kutoka milimani juu ya Kilosa kwenye baridi na maharage. Alikuwa anasomea sheria kwa masafa, vitabu vinakuja na basi la Morogoro vimefungwa kwa kamba ya katani. Huko mlimani asingeweza: taa ya kusomea ilikuwa ni ya kugombania, na baba yake aliona jembe halina haja ya shahada. Shangazi ndiye aliyempa chumba na kiti cha kukalia mbele ya simu. Mwaka huo likaja somo jipya, sheria ya teknolojia ya habari.

"Ndiyo nini hiyo?" Hildegarda aliuliza huku akichuja chai.

"Sheria inayohusu kompyuta, shangazi, na habari za watu zinazowekwa humo."

"Kompyuta umeshaiona?"

"Bado."

"Yesu na Maria! Mtoto wa kaka yangu anasomea sheria za ndoa za watu ambao hawajazaliwa!"

Wateja wakacheka, Bibiana naye akacheka, maana ilikuwa kweli. Lakini alikisoma kile kitabu kwa mapenzi, malori yakinguruma na chai ikimwagikia kurasa. Kilisema habari za mtu ni zake mwenyewe. Ukizipokea kwa kazi fulani, usizitumie kwa nyingine, na usimpe mtu wa tatu bila ridhaa ya mwenyewe. Mifano yote ilikuwa ya mabenki na mahospitali ya Ulaya. Bibiana aliinua macho akamwona shangazi mlangoni anaitangazia stendi nzima kwamba mkwe wa Gabrieli amejifungua Makambako, tena kabla Gabrieli mwenyewe hajaipokea simu.

"Shangazi, hayo si yake ayaseme mwenyewe?"

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Sasa mimi nimemfichulia, yeye kazaa mjukuu."

Bibiana akarudi kwenye ukurasa wake.

Ila palikuwa na siri moja ambayo Hildegarda hakuwa nayo. Ilikuwa ya Soila, binti wa mzee Saitabau, mfugaji wa Kimasai aliyekuwa na boma huko tambarare, upande wa mbuga. Soila ndiye aliyeleta maziwa ya kibanda kila asubuhi. Alikuwa amemaliza la saba na kufaulu, na shule moja ya sekondari ya kanisa kule Kilosa ilikuwa imemshikia nafasi. Mwalimu mkuu, Verdiana, alikuwa akimpigia simu kumwuliza swali lile lile: umeshamwambia baba? Na Soila alikuwa hajamwambia. Saitabau alikuwa anajiandaa kuhamisha boma lote kuvuka Ruaha kufuata majani, na akishahama nalo, shule ndiyo basi tena.

"Dada Bibiana, niache nimwambie mwenyewe," Soila alimsihi nyuma ya lile pazia. "Akisikia kwa mtu mwingine, ataona nimepeleka mambo ya boma lake kwa watu kabla yake. Hatanisamehe, na shule sitaiona."

Bibiana akamwahidi. Aliahidi kama mwanasheria, halafu akaahidi tena kama dada.

Ikafika siku ya gulio. Simu ikalia, Bibiana akapokea; Mwalimu Verdiana akaomba Soila aitwe, na shangazi pembeni akalidaka neno Kilosa. Kwa bahati mbaya Bibiana alikuwa anahangaika na mteja mwingine na hakuwahi kumzuia shangazi. Hildegarda akashika kiuno mlangoni.

"Soila wa Saitabau eee! Simu yako! Kilosa, tena!"

Ile "tena" ndiyo iliyoharibu. Saitabau alikuwa hapo hapo, kwenye mnada, katikati ya wazee wenzake.

Alikuja taratibu, shuka lake begani, fimbo mkononi. Soila alipomwona, akarudi nyuma kwenye mabanda ya vitunguu, na simu ikalia mpaka ikachoka. Bibiana akatoka akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee." Saitabau akamgusa utosini. "Marahaba." Akaketi, akaletewa chai, hakuigusa.

"Binti yangu anaongea na nani Kilosa?"

Hildegarda alifungua mdomo, na pengine kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, akakuta hana cha kusema. Hakujua! Akamgeukia Bibiana kwa macho ya mtu mwenye njaa. "Mwambie mzee, Bibiana."

"Naomba unisamehe, mzee. Mwenye kulisema hilo ni Soila."

"Ni mwanaume?"

Hapo ndipo Bibiana alipobanwa. Ulimi ulimwasha. Neno moja tu, hapana, lingemtuliza mzee. Lakini alijua likishatoka hilo, litafuata, basi ni nani, na baada ya hapo, anataka nini, na mwisho wake siri ya Soila ingekuwa mezani pamoja na maandazi. Akanyamaza. Saitabau akakunja uso.

"Ala! Wewe mtoto!" Hildegarda alipandwa. "Maziwa ya kibanda hiki yanatoka kwa nani? Leo unamtia mzee aibu mbele ya watu! Mjibu. Usipomjibu, kesho asubuhi nakupandisha basi la Kilosa, ukapalilie maharage ya baba yako, na hiyo sheria yako ukawasomee nyani!"

Hakuwa anatania, na Bibiana alimjua shangazi yake. Akaona vitabu vyake, mtihani wa Morogoro, chumba chenye taa, vyote vinapakiwa kwenye basi. Aliogopa, tusimpambe. Ndipo likamtoka swali ambalo hakulipanga.

"Mzee, wewe una ng'ombe wangapi?"

Simoni, aliyekuwa akinywa chai pembeni, alishusha kikombe bila kumeza. Kila aliyekulia jirani na wafugaji alijua hilo haliulizwi. Mfugaji huwatazama ng'ombe wake wakirudi jioni, akajua kwa rangi na kwa pembe nani hayupo, lakini idadi haiiti kwa mdomo, hata mbele ya wake zake. Kuitaja ni kuliita balaa. Mabwana mifugo walikuja na kalamu zao wakaondoka nazo.

"Nani kakutuma uniulize?" Saitabau alisema polepole.

"Hakuna, mzee. Wala sitaki kujua. Nasema tu, wewe una idadi yako, na Soila naye ana ya kwake. Mimi nimeiona kwa sababu ya kazi ninayofanya hapa. Si yangu kuitaja."

Saitabau akasimama, akaokota fimbo yake, akaenda zake, chai imeganda utando.

"Umeniua," Hildegarda alisema, akaanza kukusanya vikombe. Bibiana alipanga vitabu kwenye boksi la sabuni huku analia, na si kidogo. Aliona uchungu kwamba kitabu kilimwambia afanye nini, lakini hakikumwambia akishafanya atalala wapi.

Asubuhi maziwa hayakuja. Bibiana alikuwa amesimama barabarani na boksi lake, basi la Kilosa linaonekana kwa mbali, alipowaona watu wawili wanakuja kutoka tambarare. Mbele Saitabau. Nyuma Soila, na kibuyu cha maziwa. Macho ya Soila yalikuwa yamevimba, lakini alikuwa anatabasamu.

"Nilifika nyumbani nikakaa," Saitabau alisema, akiisha kuitikia shikamoo. "Sikumwuliza. Nikakaa naye kimya, kama ninavyokaa na ng'ombe mgonjwa. Akasema mwenyewe." Akakuna kidevu. "Kumbe ni shule. Mimi nilikuwa nimeshamtafuta huyo mwanaume boma zima kichwani mwangu. Haya, nipigie huyo mwalimu."

Hata hivyo Bibiana alimtazama kwanza Soila. Soila akaitikia kwa kichwa, na hapo ndipo alipozungusha namba. Saitabau akauliza, akasikiliza, kisha akaongea na simu kama anamwita mtu ng'ambo ya mto, hata gulio zima, kama lingekuwepo siku hiyo, lingejua kwamba binti yake atafika Kilosa shule zikifunguliwa, na kwamba boma litahama baada ya hapo. Sasa alikuwa anajitangaza mwenyewe, na hilo hakuna sheria inayolikataza.

Alipomaliza, Bibiana akainamisha kichwa kuagwa. Mzee akaweka kiganja utosini, kisha akainama hadi sikioni mwake, akanong'ona. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Akajinyoosha.

"Jana uliniuliza," alisema, akaondoka.

Hildegarda nusura aruke meza. "Kakuambia nini?"

"Si yangu, shangazi."

"Ni idadi! Kakuambia idadi! Mtoto, mimi ndiye ninayekulisha!"

"Najua, shangazi. Nashukuru."

Shangazi akamtazama, akashusha pumzi, akalibeba lile boksi la vitabu mwenyewe na kulirudisha chumbani. Tangu siku hiyo aliita jina tu. Mahali alipameza, na ungemwona anavyopameza kwa shida, kama mgonjwa na kwinini.

Yamepita. Soila alisoma hadi akawa mwalimu, Saitabau akalala usingizi wa wazee, na simu nyekundu ikafa siku minara ilipoota juu ya vilima. Pale palipokuwa na kibanda sasa kuna kijana anauza vocha na kutuma pesa, na wateja humtajia namba zao kwa sauti barabara nzima ikisikia. Bibiana akipita hapo hucheka. Sheria aliyoisomea kabla haijazaliwa imeshazaliwa, anaifundisha, anaijua kifungu kwa kifungu. Lakini angetoa vyote hivyo asikie mara moja tu jina lake likipasuliwa hewani, "Bibiana eee!", na mtu kashika kiuno mlangoni.

Mara ya mwisho walionana hospitalini. Hildegarda alikuwa amekwisha, kabaki macho na sauti, na sauti yenyewe ya kuazima. Alimwashiria Bibiana asogee.

"Saitabau hayupo," alisema. "Ng'ombe wale hawapo. Na mimi ndiyo naaga. Miaka yote hii, mwanangu. Walikuwa wangapi?"

Bibiana akalitazama lile shavu lililonyauka. Hakuna kifungu alichokikumbuka. Ni nani angedhurika sasa? Mapenzi yakamshinda, akainama hadi sikioni mwa shangazi yake, akafungua mdomo.

Kiganja chembamba kikamziba.

"Nyamaza wee!" Hildegarda alinong'ona. "Unataka huko niendako waseme kibanda changu kilikuwa kinavujisha?"

Wakaangaliana, wakaangua kicheko, wote wawili, mpaka muuguzi akaja mbio kutoka wodi ya pili kuuliza kulikoni.