Fundi Spika Katoka Vizuri

Asubuhi ya harusi lenzi yetu iligoma. Ililia ndani kama panya aliyebanwa na mlango, kisha ikanyamaza kabisa. Shangazi, mwenye studio, aliitikisa, akaipuliza, akaitukana, akaiweka chini. Halafu akafungua kabati akatoa lenzi ya marehemu mumewe, chuma kitupu, nzito kama jiwe la kusagia.

"Hii haina mota," alisema. "Haitafuti uso wa mtu yenyewe, fokasi unaizungusha kwa mkono. Kama marehemu mwenyewe: usipomsukuma, haendi."

Akaifunga kwenye kamera yetu mpya kwa pete ya kuunganishia. Kamera ikaandika kwenye kioo kwamba haina lenzi, haiwezi kupiga. Imening'inizwa nusu kilo ya chuma usoni na bado inasema haijaona kitu! Shangazi alisema ameishi na mwanaume wa aina hiyo. Akaingia kwenye mipangilio, akairuhusu ipige hivyo hivyo, ikakubali.

"Sasa tazama. Ukizungusha, kile kilichokaa kwenye fokasi kinawaka vidoti vyekundu. Vidoti vikae kwenye kope za bibi harusi. Ukumbi una giza, kwa hiyo tundu la lenzi la kuingizia mwanga nimeliacha wazi kabisa. Ukikosea upana wa kidole, unapata masikio safi na uso wa ukungu. Umeelewa?"

Niliitikia kwa kichwa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikutaka mtu yeyote duniani alijue, na jambo lenyewe lilikuwa ukumbini, limepiga magoti, linachomeka nyaya. Watu walimwita Waya. Alikuwa fundi wa spika. Tulikutana naye kila harusi, na kila harusi niliishia kuzikodolea macho spika zake kana kwamba nataka kuzinunua.

Nilipiga mchana kutwa. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila picha ilionekana nzuri. Vidoti viliwaka hadi nikajisikia fundi.

Wiki iliyofuata bibi harusi alikuja kuchagua picha, Shangazi akazifungua kwenye kompyuta.

Ya kwanza, kukata keki. Bibi harusi alikuwa wingu jeupe lenye kisu. Nyuma yake alisimama Waya, bisibisi mdomoni, kope zake unaweza kuzihesabu.

"Bahati mbaya," alisema Shangazi, akabonyeza.

Kuvishana pete. Wingu linalivisha wingu. Pembeni Waya anajikuna shingo, jasho linang'aa tone kwa tone.

"Mume wangu yuko wapi?" aliuliza bibi harusi.

"Huyo hapo. Ukungu wa kushoto."

Shangazi akaendelea kubonyeza. Waya anacheka. Waya anapiga chafya. Waya anakula ametupa mgongo, na mgongo wenyewe umetoka safi hadi mshono wa shati. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze, lakini ilikuwa ya saruji nzuri.

"Lenzi ile nyingine ingetafuta uso wa bibi harusi," Shangazi alisema polepole, akinigeukia. "Hii inakwenda mkono unakotaka." Mabega yakaanza kumtikisika. "Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wewe mwanangu umekohoa picha mia mbili!"

"Shangazi, tafadhali, asijue."

"Asijue?" Bibi harusi alishika kiuno. "Kwenye harusi yangu ana picha nyingi kuliko mimi, halafu asijue? Sikiliza, mdogo wangu. Jumamosi navaa gauni tena, unatupiga upya. Na huyo Waya namwita aje kushika taa. Atasimama nyuma yako, macho yako yasikofika."

Nilisema sitaweza. Shangazi akaacha kucheka. "Usipoweza, kamera utaiona ukiwa unafuta vumbi tu."

Jumamosi nilisimama na ile lenzi, maharusi mbele, Waya na taa nyuma ya bega langu. Nilimsikia akipumua. Vidoti vilicheza kwenye pua, kwenye shela, kwenye pua tena. Sikuwa na pengine pa kutazama. Nikazungusha kidogo kidogo mpaka kope za bibi harusi zikawaka, nikapiga. Nikapiga tena, na tena.

Bibi harusi alikuja kuchungulia. "Kumbe nina sura! Mume wangu, njoo uone ulichooa!"

Wakati wanagombania kioo, Waya aliweka taa chini.

"Nimeziona zile picha," alisema.

"Nani kakuonyesha?"

"Bibi harusi. Kanitumia zote kwenye simu." Alisugua kidevu. "Sikujua kama shati langu limefumuka mgongoni. Miaka yote hiyo, hata mama hajaniambia."

Nilitazama spika. Hazikuwepo. Tulikuwa studio.

"Nipige moja," alisema. "Na mimi nikiwa najua."

Akaja mbele ya lenzi, karibu sana. Nilizungusha pete ya fokasi hadi mwisho ikakwama. Lenzi za zamani hazioni mtu aliyekusogelea hivyo. Akabaki wingu, kama maharusi wa watu.

"Rudi nyuma," nilisema.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka nikuone."

"Kwani hapa hunioni?"

Niliinua jicho kutoka kwenye kamera. Nilikuwa namwona vizuri tu. Sikutazama pembeni.

"Jamani," bibi harusi akapaza sauti, "mtamaliza saa ngapi? Gauni linanibana!"