Noah Iliyojaa ya Kwenda Mto wa Mbu

Katika stendi ya mabasi ya Babati, Tadeo alikuwa amekaa ndani ya Noah nyeupe ya abiria, begi mapajani, uso mbele, kama mtu anayekwenda kuzika. Hakuwa anakwenda popote. Ndani ya begi mlikuwa na mto wa kulalia. Ubavuni mwake alikaa Feisal, mwenzake wa bweni, naye hakuwa anakwenda popote. Nyuma yao walikuwa mama mmoja mwenye kapu, wauza karanga wawili na fundi viatu aliyekosa wateja, na hao wote ungewatikisa kwa pamoja asingedondoka msafiri hata mmoja.

Kazi hiyo inajulikana na kila anayeshinda stendi, na haijulikani kabisa na anayepita tu. Abiria hapendi gari tupu, kwa sababu gari tupu litasubiri. Anapenda lililokaribia kujaa. Kwa hiyo mpiga debe huwaweka watu wake vitini, wakae kisafari, na kila akiingia abiria wa kweli, mmoja wa bandia anakumbuka haja ndogo na kushuka. Ujira ni chai na chapati. Valence, mpiga debe wa magari ya Mto wa Mbu, alizoea kutumia watu wawili watatu. Lakini shule zilikuwa zimefungwa, Tadeo yuko nyumbani Bagara akila na kulala, na akili iliyosomeshwa bweni haipumziki. Ndiye aliyemshawishi Valence ajaze gari zima kwa uongo na kubakiza kiti kimoja, kile cha mlangoni. Alitaka kuona mtu wa kweli akizungukwa na watu wa bandia atachukua muda gani kugundua. Aliuita utafiti. Feisal aliteuliwa kuwa katibu.

Aliyenaswa alikuwa Madam Xaveria.

Tadeo alimtambua tangu mbali, kwa ule mwendo wa kukanyaga ardhi kama anaisahihisha. Alikuwa na mkoba, miwani nyeusi na mwavuli aliokuwa akipapasia njia. Alistaafu mwaka uliopita baada ya kufundisha historia maisha yake yote, na katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwona akicheka kabla ya likizo.

Kati yake na Tadeo palikuwa na deni la zamani. Kidato cha pili, katika jaribio, aliuliza sababu za kuanguka kwa Engaruka, ule mji wa kale wa mawe na mifereji chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Tadeo aliandika kwa mwandiko mzuri sana: "Wenyeji walikosa usafiri." Madam hakumchapa. Alitoboa karatasi ile, akaipitisha uzi, akamvisha shingoni tangu paredi ya asubuhi hadi chakula cha usiku. Wa kidato cha kwanza walipanga mstari kuisoma. Kuanzia siku hiyo shule nzima, wapishi wakiwemo, ilimwita Usafiri.

"Mto wa Mbu hiyo, mama," Valence aliimba. "Kiti cha mwisho. Ukikaa, tumeondoka."

"Mimi naenda Engaruka."

"Si ndiyo njia yenyewe? Pale Mto wa Mbu Landkruza ya Engaruka inakusubiri."

"Haimsubiri mtu. Saa sita inaondoka."

"Saa sita mama utakuwa umeshafika, unakunywa soda."

Upande wa pili basi kubwa la Arusha lilikuwa limewasha injini, konda ananing'inia mlangoni akiita Makuyuni. Lilikuwa nusu tupu. Angepanda hilo, ashuke njia panda ya Makuyuni, atafute gari jingine. Kijana wa bodaboda naye alisogea, akasema kwa nauli ya kupatana angemfikisha hapo Makuyuni kabla ya hilo basi.

"Pikipiki hapana," Madam alisema. "Vumbi nimekatazwa na daktari."

Kisha akafanya alichowafundisha watoto wa watu kwa miaka yote: akatafuta ushahidi. Alisogeza uso dirishani, akahesabu vichwa kwa kidole. Aligusa kapu la yule mama, likawa zito. Alivua miwani. Jicho moja lilikuwa jeupe kama yai lililochemshwa; la pili lilikuwa jekundu na linatoa machozi. Lile la pili likamkuta Tadeo.

"Huyo ni Tadeo?"

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Mto wa Mbu, madam. Kwa shangazi."

"Vizuri. Basi utanisaidia." Akashika ukingo wa dirisha na kushusha sauti, kana kwamba stendi ingemwibia habari zake. "Nimefundisha Kolo na Engaruka mpaka nimestaafu, na sikuwahi kukanyaga hata mahali pamoja. Jana nimefika Kolo. Nimewaona wale watu wembamba wekundu waliochorwa mwambani, nimewasogelea mpaka mlinzi akanikemea. Kesho mchana nafanyiwa upasuaji Moshi, jicho hili. Hilo jingine lilishakufa. Daktari hakuniahidi kitu. Kwa hiyo Engaruka ni leo. Sasa niambie, basi lile au gari hili? Wewe uko ndani, unajua."

Miaka yote ya shule Madam hakuwahi kumuuliza Tadeo kitu ambacho yeye mwenyewe hakijui. Feisal aliacha kutafuna. Yule mama mwenye kapu alikohoa na kutazama nje, huko ulipo Mlima Kwaraa, kama mtu aliyeitwa na mlima.

"Panda, madam," Tadeo alisema kwa heshima zote. "Tulikuwa tunasubiri mtu mmoja tu."

Akapanda. Basi la Arusha likapiga honi, likatoka na viti vyake vitupu, na vumbi lake likaingia dirishani. Madam alifunika jicho kwa kitambaa.

Kilichofuata kilikuwa kizuri sana kwa utafiti. Dereva alikwenda kujaza mafuta bila gari. Aliporudi, ikawa anasubiriwa mzigo kutoka Nangara. Mzigo ukasahaulika. Jua likapanda, bati la Noah likaanza kulia, na wasafiri wakaanza kuchoka na safari yao. Fundi viatu alikumbuka haja. Wauza karanga wakakumbuka pamoja, kama mapacha. Yule mama alichukua kapu lake lenye mawe na kushuka bila kumtazama mtu.

"Hawa wanaokwenda kujisaidia," Madam aliuliza, "mbona hawarudi?"

"Choo cha stendi kina foleni, madam," Tadeo alijibu.

Feisal aliinamisha kichwa. Hakuwa anacheka.

Kijana wa bodaboda alipita tena, akagonga kioo. "Mama, bado hamjaondoka? Twende. Nikikukimbiza sasa hivi unaiwahi Landkruza yako."

Madam alimgeukia Tadeo. "Nipande?"

Hapo mlango ulikuwa wazi, na maneno mawili yangetosha. Feisal alimkanyaga Tadeo mguu. Tadeo alihisi uzi shingoni, ule mwembamba, na wa kidato cha kwanza wakisoma kwa sauti.

"Vumbi, madam," alisema. "Fikiria jicho."

"Kweli," Madam alisema. "Umefikiri vizuri." Akamwashiria kijana aende.

Feisal alishuka muda huohuo, bila kukumbuka haja yoyote. Wakabaki wawili.

Simu ilipolia Madam aliisogeza mpaka puani ili aone kitufe. Sauti iliyotoka ilikuwa kubwa na ya adabu: Saitabau, mwanafunzi wake wa zamani, anayetembeza wageni huko Engaruka.

"Shikamoo, madam. Landkruza imeondoka Mto wa Mbu. Dereva nilimwomba, akangoja, abiria wakamjia juu. Lakini njoo kesho, madam. Kesho nakutembeza mpaka jua linazama."

"Kesho niko Moshi, Saitabau."

"Basi wiki ijayo, madam."

"Wiki ijayo," Madam alisema. Akairudisha simu kwenye mkoba, akaufunga, akaujaribu kama umefungika.

Kisha akanyoosha mkono na kulibonyeza begi la Tadeo. Likabonyea lote.

"Mto."

"Ndiyo, madam."

"Na shangazi?"

Tadeo alitazama mlango. Magoti ya Madam yalikuwa yameuziba, na hayakuwa na haraka.

"Nieleze Engaruka," alisema.

"Sijafika, madam."

"Na mimi sijafika. Nieleze." Akafumba macho yote mawili na kukaa wima, mikono juu ya mpini wa mwavuli.

Wapiga debe walikuwa wameanza kukusanyika dirishani, Valence mbele yao, meno yote nje. Tadeo aliwaona, akapata nguvu kidogo.

"Kuna mawe, madam."

"Yamefanya nini?"

"Yamepangwa. Ni kuta. Kuta nyingi, chini ya mlima. Na mashamba ya ngazi."

"Endelea."

"Na mifereji. Maji yanatoka chini, yanapanda mlimani kunywesha mashamba."

"Yanapanda?"

"Yanapanda, madam. Na wenyeji waliishi kwenye maghorofa."

Dirishani wakacheka. Madam alikaa vilevile, macho yamefumbwa, kama mtu anayejaribu kuyaona hayo maghorofa na kuyakosa.

"Sifuri," alisema, bila ukali. "Sasa toa sababu za kuanguka kwake."

Jibu Tadeo alilijua. Baada ya ile karatasi alikuwa amelikariri mpaka angeweza kulitaja usingizini: mito kukauka, udongo kuchoka, watu kutawanyika. Lilimjia lote, likapanga foleni mdomoni. Akamtazama Valence, akazitazama zile nyuso zinazosubiri.

"Wenyeji walikosa usafiri, madam."

Kicheko kilikuwa kikubwa hata wauza mahindi wakageuka. Valence alipiga bodi ya gari kwa kiganja. Madam Xaveria alingoja kiishe, kama alivyokuwa akingoja darasani, mpaka aliye wa mwisho akaona aibu kuendelea peke yake.

"Leo umepata," alisema. "Umepata yote, Usafiri."

Yeye mwenyewe hakuwahi kumwita hivyo. Alivaa miwani, akapapasa ngazi kwa ncha ya kiatu, akashuka. Aliuliza basi la Moshi liko wapi, na aliyemshika mkono kumpeleka alikuwa Valence mwenyewe, kwa adabu, akimbebea mkoba.

Valence aliporudi aliingiza kichwa dirishani.

"Usafiri," aliita, na wapiga debe wote wakalipokea jina hilo kwa furaha, wakalirudia mpaka kwenye vibanda vya chipsi. "Sogea dirishani, uonekane. Wale wazee wawili wa Kizungu wametoka Kolo, wanaulizia gari la Engaruka."

Tadeo alisogea. Akaweka begi mapajani, akageuza uso mbele.