Ratili Kumi na Nane

Mizani mpya ilifika Jumatatu asubuhi, na Esteri akaifurahia kama mtu aliyeletewa redio. Ya zamani ilishakatika waya. Mwaka ule wa 1997, kwenye kambi ya wakimbizi nje kidogo ya Kibondo, malaria ilikuwa inabeba watoto bila haya, na dozi ya kwinini hupangwa kwa uzito wa mtoto.

Kwa hesabu Esteri hakuwa na mpinzani. Misaada ilitoka kila pembe ya dunia, kila boksi na vipimo vyake, kwa hiyo kila Ijumaa Mganga Leonidasi aliwatahini wauguzi: galoni kuwa lita, wakia kuwa gramu, ratili kuwa kilo. Esteri alijibu kabla swali halijaisha. Kilo moja ni ratili mbili na kidogo. Hata umwamshe usingizini angekuambia. Maringo yake yaliwachosha wenzake, na walikuwa na haki ya kuchoka.

Mtoto wa pili siku hiyo aliitwa Nadine. Mshale ukasimama kwenye kumi na nane. Mara miligramu ishirini kwa kila kilo, ni mia tatu na sitini. Esteri akavuta dawa kwenye sindano, akamtoa mtoto kwenye mizani ampakate.

Mikono ikakataa. Tangu usichana wake kule Munanila alikuwa akijitwisha debe la mahindi kwenda sokoni, na debe la mahindi ni kilo kumi na nane. Shingo yake ilizijua kilo hizo. Mtoto huyu hakufika hata nusu debe.

"Unangoja nini?" Leonidasi alifoka kutoka mlangoni. "Foleni imefika barabarani!"

"Mganga, huyu si kilo kumi na nane."

"Mizani imesema."

"Basi mizani inadanganya."

"Mdunge, Esteri. La sivyo nampa mwingine sindano, na wewe kesho usije."

Kazi ile ilikuwa inalisha watu sita. Akaiweka sindano mezani, akaenda jikoni kwa wapika uji, akarudi na pakiti ya chumvi ya kilo moja, akaining'iniza. Mshale ukapita mbili.

Leonidasi akaja kwenye mizani. Akabandua karatasi ya gundi iliyoganda chini ya tarakimu za mizani. Nyuma yake kulikuwa na herufi mbili ndogo, l na b. Zilikuwa ratili. Nadine alikuwa na kilo nane tu.

Esteri akamwaga zaidi ya nusu ya dawa, akamdunga. Ndipo akamkumbuka mtoto wa kwanza, ambaye mama yake ndiye aliyemtoa kwenye mizani.

Daftarini ulikuwepo mwandiko wake mwenyewe, ulionyooka vizuri: Niyubahwe, kilo ishirini na moja, amepewa dozi yote. Hakuomba ruhusa. Alikimbia katikati ya mahema akiuliza jina hilo, mpaka akampata mama amempakata mwanawe, anatabasamu.

"Urakoze cane, muganga," mama alimshukuru. "Tangu umdunge hajalia tena. Amelala tu."

Esteri akaweka kiganja kifuani pa mtoto. Moyo ulipiga, ukaruka, ukapiga tena kwa mbali.

"Hajalala, mama. Nimempa dawa zaidi ya mara mbili ya kipimo chake. Nimekosea mimi, si mtu mwingine. Nipe nimkimbize kwa mganga."

Mama alimtazama. Mikono ya Esteri ilibaki imenyooshwa, mitupu. Mama akamfunga mwanawe mgongoni, akakaza khanga, akatoka mbio peke yake kwenda kwa mganga.

Esteri akamfuata nyuma, analia.