Nondo Iliyopinda

Wivu wa Maricruz ulianza na mayai. Jumatatu moja alirudi kutoka kiwandani, nyuzi za jinzi zimemganda mpaka kwenye nyusi, akakaanga mayai na maharage kama alivyofundishwa na marehemu mama yake, akamwekea binti yake Nereida mezani. Mtoto huyo wa miaka minane akaonja, akawaza kidogo, akasema, "Doña Chelo anatia vitunguu mwishoni, mama. Ndiyo vinakuwa vitamu."

"Basi nenda ukale kwa Doña Chelo."

"Si nilikula leo asubuhi?" alisema Nereida bila ubaya wowote, akaendelea kula hadi sahani ikabaki nyeupe.

Doña Chelo alikuwa jirani yao, mlango wa pili, na aliyemwingiza katika maisha ya mtoto alikuwa Maricruz mwenyewe. Hapo ndipo palipouma. Mtu asiye na wa kumlaumu huishia kulaumu wote.

Pale Tehuacán, Mexico, kila shule ya msingi ina uzio, na kila uzio una akina mama wake. Ikifika saa nne na nusu kengele ya mapumziko inagongwa, na akina mama wanakuwa wameshajipanga nje na vikapu vyao, wanapitisha chakula cha moto katikati ya nondo, kisha wanabaki pale kuhakikisha kimeliwa. Lakini zamu ya Maricruz ilianza saa moja. Alikuwa akimfungia mtoto chakula alfajiri, na mpaka mapumziko yafike tortila, zile chapati za mahindi, zimekuwa ngumu kama soli ya kiatu. Mwalimu akamwandikia kwenye daftari: Nereida anakaa peke yake karibu na bomba la maji, chakula anawapa mbwa, ikifika saa sita anasinzia juu ya dawati.

Maricruz alilia, kisha akaenda kubisha mlango wa pili. Doña Chelo alikuwa akimpelekea chakula mwanawe Ulises wa darasa la sita, kitinda mimba wake baada ya mabinti wakubwa walioolewa mbali.

"Mtoto mmoja, watoto wawili, uzio si ni ule ule?" alisema Doña Chelo. "Nenda zako kazini, mwanangu. Usijisumbue."

Ndani ya miezi mitatu Nereida alijaa mashavu. Usingizi darasani ukaisha, hesabu zikapanda, mwalimu akaandika pongezi kwa wino mwekundu. Mama mwingine angepiga magoti kushukuru. Maricruz alishukuru pia, kwa mdomo tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema wahenga. Hawakusema kwamba utamu wake unaweza kwenda kuonjwa na jirani.

Baada ya mayai zikaja nywele. Alfajiri Maricruz alimfunga mtoto mkia mmoja wa harakaharaka, jioni akamkuta na mikia miwili iliyosukwa vizuri, imekaza, na utepe juu.

"Nani kakusuka?"

"Doña Chelo. Kwenye uzio."

"Kwenye uzio? Mikono inapita wapi?"

"Inapita tu," alisema Nereida, akacheka kama mwenye siri.

Kicheko kile Maricruz alikwenda nacho kiwandani, akashona nacho mifuko ya suruali mia tatu, akarudi nacho. Akamwona Doña Chelo anafagia mlangoni, akamwamkia kwa adabu, na moyoni akamwombea kiuno kimshike. Aliona aibu kumchukia mwanamke aliyemponya mtoto wake. Aibu hiyo haikupunguza chuki hata kidogo.

Jumatano akamdanganya msimamizi kwamba jino linamuua. Alhamisi akaingia jikoni na kuku mzima. Akasaga pilipili nyekundu, akazikaanga pamoja na ufuta, akapika mchuzi mzito uliowafanya majirani wachungulie, akafunga tortila katika kitambaa kilichotariziwa na mama yake. Akavaa gauni la Krismasi. Akapaka rangi ya mdomo. Saa nne na robo alikuwa uzioni, sufuria mkononi, amesimama karibu kabisa na geti ili mtoto asimkose.

"Dada," sauti ikasema nyuma yake. "Hapo ni pangu."

Aligeuka. Alikuwa mama mmoja mnene, na kikapu kiunoni. "Uzio una jina la mtu?" aliuliza Maricruz.

"Hauna, lakini wanangu wanajua mama yao anasimama wapi. Mwaka wa tano huu. Ukisimama hapo, mwanangu atakuja kula kuku wako."

"Na harufu hiyo, mwache ale!" alidakia mwingine, na safu nzima ikaangua kicheko. "Gauni hilo, shoga, unaleta chakula au unaolewa?"

"Mwacheni jamani, ni mgeni," alisema wa tatu. "Wewe mama wa nani?"

"Wa Nereida. Darasa la tatu."

Wakatazamana. "Nereida si wa Doña Chelo?" aliuliza mama mmoja kijana, na mwenzake akamkanyaga mguu.

Maricruz alihisi uso unawaka. Akasogea, akasogezwa tena, kila alipokanyaga palikuwa pa mtu, mpaka akajikuta mwisho wa uzio, na hapo alikuwa amesimama Doña Chelo na mfuko wake wa karatasi uliolowa mafuta.

"Maricruz! Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimekuja kumlisha mwanangu."

Doña Chelo alitazama gauni, akatazama sufuria. Kengele ikagongwa.

Watoto walimwagika uwanjani. Nereida alikuja mbio moja kwa moja kwenye kona ile, kidevu juu, anacheka tayari. Alipomwona mama yake, kicheko kikakatika. Akasimama hatua mbili kutoka kwenye nondo.

"Mama," alisema. "Nani amekufa?"

Maana mara ya mwisho Maricruz kufika shuleni mchana ilikuwa siku aliyokufa bibi.

"Hajafa mtu, mwanangu. Nimekuletea kuku."

"Kweli? Na baba yuko sawa huko kaskazini anakofanya kazi?"

"Yuko sawa. Njoo ule."

Nereida alisogea, akamtazama mama yake, akamtazama Doña Chelo, asijue apokee kwa nani. Maricruz aliona kusita huko, na kulimkata. Alimwandalia mtoto karamu, kumbe alimwandalia mtihani.

"Kula kwa mama yako leo," alisema Doña Chelo. "Mimi sikuleta kitu. Huyu Ulises kamaliza maharage yote nyumbani, mlafi huyu."

Ulises, aliyekuwa amefika nyuma ya Nereida, akafungua mdomo kulalamika, mama yake akamkata jicho. Mfuko wa karatasi Doña Chelo alikuwa ameuficha nyuma ya mgongo. Maricruz aliuona. Hata wema anao, alifikiri kwa hasira, hata huo hakuniachia.

Nereida alikula akiwa amesimama, mchuzi mpaka puani, akamega vipande viwili kumpa Ulises. Alikula vizuri. Hakusema lolote kuhusu vitunguu. Alipomaliza akajifuta kwa mkono, akageukia uwanja ambako wenzake walikuwa wanaruka kamba, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa uzio, na kichwa akakiegemeza kwenye nondo, akangoja. Mkia wa alfajiri ulikuwa umefumuka wote.

Wanawake wawili walitazama kile kichwa.

Mikono ya Doña Chelo ilikuwa imeshainuka. Akaishusha, akarudi nyuma hatua moja. Maricruz akaingiza mikono yake kati ya nondo, ikakwama kwenye vifundo vya vidole. Akajaribu pengine, ikakwama.

"Si hapo," alinong'ona Doña Chelo. "Nondo ya tatu. Imepinda. Hapo inapita."

Ilipita. Nondo ile ilikuwa imechubuka rangi, imelainika kwa miezi ya mikono ya mtu mwingine. Maricruz akagawa nywele na kuanza kusuka, vidole vinapotea njia, vidole vinavyoshona mifuko mia tatu kwa siku bila kukosea.

"Aii!" alisema Nereida, macho yakiwa kwenye kamba. "Leo unanivuta, Doña Chelo."

Maricruz akafumua, akaanza upya, taratibu zaidi.

"Pole, mwanangu," alisema.

Mgongo wa mtoto ukashtuka. Hakugeuka, kwa sababu nywele zilikuwa zimeshikwa. Akajisukuma nyuma zaidi, mabega yote mawili yakabana nondo, akabaki hivyo.

"Kumbe ni wewe, mama," alisema. "Basi vuta tu."

Maricruz alifurahi. Mungu amsamehe, hakufurahi kwa ajili ya mtoto peke yake. Aligeuza shingo ili Doña Chelo amwone alivyofurahi.

Doña Chelo alikuwa anamtazama Ulises anavyokimbilia mpira. Mwezi wa saba angemaliza darasa la sita, la mwisho, aende sekondari, na sekondari hakuna mama anayesimama uzioni. Kisha macho yake yakarudi kwenye vidole vya Maricruz, kwenye zile nywele, na midomo ikakaza. Maricruz aliujua uso ule. Alikuwa ameuvaa mwenyewe tangu Jumatatu ya mayai.

Kengele ikagongwa. Nereida akaondoka na mikia miwili, mmoja umekaza, mwingine umelegea.

"Kesho jino limepona," alisema Maricruz, akifunga sufuria. "Nipo kiwandani."

"Najua."

"Na mwakani, Ulises akishaondoka?"

Doña Chelo alitoa mfuko nyuma ya mgongo, akaukunjua mdomo, maharage na mayai yakanukia.

"Mwakani," alisema, "itategemea mama yake Nereida."

Maricruz aliingiza mkono katika mfuko ule wa karatasi, akamega, akala. Vitunguu vilikuwa vimetiwa mwishoni. Vilikuwa vitamu.