Mawe Meupe ya Gortnalea

Mwalimu Fintan alikuwa anachora ramani ya parokia kwa ajili ya kitabu cha historia. Alikwisha kuweka kanisa, vilima, kinamasi cha mboji, hata kisima cha mtakatifu kinachoponya macho. Bi Attracta Gilhooly, pamoja na magoti yake mabovu, alimfuata mpaka nyumbani akamwambia ramani yake ina pengo.

Zamani zile, mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa padri hakumruhusu aingie makaburini. Baba yake alimtia kwenye sanduku la sabuni, akaenda kumfukia konde la juu huko Gortnalea, na juu yake akaweka jiwe jeupe lisilo na jina. Baada ya hapo kimya, kana kwamba hakuna aliyezaliwa. Mtoto wa Attracta alikuwa msichana. Alitaka mwanawe huyo aingie kwenye ramani, basi. Angalau mahali pamoja duniani pakiri kwamba alikuwepo.

Mwalimu alikubali kwenda naye kupaona. Walipovuka geti la konde, Attracta alisimama ghafla. Mawe hayakuwepo. Palikuwa na majani mapya ya ng'ombe tu, yameota vizuri kupita kiasi.

Malachy Durkan, mwenye shamba, aliteremka kwenye trekta akichekelea. "Karibuni! Mnaona nilivyopasafisha? Yale mawe yalikuwa yananivunjia mashine."

"Umeyapeleka wapi?" Attracta aliuliza.

"Nimezibia mashimo ya barabara ya kwangu. Si mmepita juu yake sasa hivi?"

Mwalimu aligeuka kuitazama barabara waliyopitia. Katikati ya konde lilibaki duara la udongo lenye miti ya miiba, na trekta lilikuwa limelizunguka kwa adabu zote.

"Na lile mbona umeliacha?" Attracta aliuliza.

"Boma la majini? Mama wee, unanitakia mabaya? Mjomba wangu alikata tawi moja tu, mdomo ukaenda upande mpaka anakufa. Pale sigusi hata kwa kidole."

Attracta alimsogelea. "Kwa hiyo majini umeyastahi. Wanetu ndio umewalima."

"Wana gani tena?" Malachy alimtazama mwalimu, kisha akamtazama yeye. Kicheko kikamkauka. "Mimi nilijuaje? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia!"

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wake ulimuuma Attracta kuliko jembe.

"Bi Attracta," mwalimu alisema taratibu, "bado niandike?"

"Andika. Na jina la aliyelima uliweke hapo hapo."

"Usinifanyie hivyo, mama," Malachy alisihi. "Kosa si langu peke yangu."

Attracta hakumwonea huruma. "Kaka yako mkubwa yumo humo humo. Mimi na mama yako tulifiwa mwaka uleule. Kumbe naye hakukuambia?"

Malachy alivua kofia, akaigeukia barabara aliyoizibia kwa mawe yale. Lori lilikuwa linaipanda polepole, likija kuchukua maziwa yake.